Mto Kwanza, Ramani ya Dunia Baadaye

Vitabu vingi vya picha vinavyokusudiwa kuwafundisha watoto wadogo jiografia hufunguliwa na ramani ya dunia iliyotandazwa kwenye kurasa mbili, kila bara likiwa na rangi yake na wanyama wake wachache. Zinapendeza kurasa hizo, lakini kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu naona hapo ni mahali pa kumalizia, si pa kuanzia.

Mtoto hawezi kuielewa ramani kabla hajatambua kwamba mchoro ulio mbele yake unawakilisha mahali halisi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Judy DeLoache alichapisha matokeo ya jaribio ambalo watoto walionyeshwa kidoli kikifichwa ndani ya mfano mdogo wa chumba, kisha wakaombwa kutafuta kidoli kikubwa kilichofichwa mahali pale pale katika chumba chenyewe. Wengi wa watoto wa miaka mitatu walikipata, ilhali wengi wa wale wa miaka miwili na nusu walishindwa, ingawa walikumbuka vizuri kile kidogo kilipofichwa. Hata hivyo, na hili linanifurahisha sana, hao wadogo walifanya vizuri zaidi walipoelekezwa kwa picha ya chumba badala ya mfano wake. Picha, basi, ina nguvu yake mapema.

Kitabu ninachokipenda ni kile kinachofuata mto. Mtoto anaweka kidole kwenye chemchemi mlimani, anakiteremsha hadi kwenye maporomoko, anapita chini ya daraja, anaambaa na mashamba mpaka baharini, na njiani anajifunza juu na chini, kando na ng'ambo, ambayo ndiyo jiografia ya umri wake. Mchoraji hodari humpandisha msomaji polepole: daraja lile lile linaonekana kwanza kwa ubavu, kisha kutoka kilimani, kisha kutoka angani kama anavyoliona ndege, mpaka ukurasa wenyewe unageuka ramani bila mtoto kushtuka. Sharti nyumba yenye paa jekundu ibaki ukingo ule ule wa mto kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kuwa ikihamishwa ng'ambo kwa uzembe, mtoto hupoteza alama aliyokuwa akiitegemea.

Usahihi huo unadaiwa pia kwenye ramani ya dunia. Pengwini hawaishi pamoja na dubu weupe, kwa hiyo wasichorwe kwenye barafu moja. Kosa kubwa zaidi ni la ukubwa wa nchi: ramani zinazofuata mtindo wa mchoraji ramani Gerardus Mercator wa mwaka 1569, uliobuniwa kwa ajili ya mabaharia, hukikuza kisiwa cha Greenland hadi kikaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Kwa mtoto anayeiona dunia kwa mara ya kwanza, ningependelea achorewe tufe, hata kama litaonyesha upande mmoja tu kwa kila ukurasa.