Siku kumi za mfungwa

Somo la wiki: Mwanzo 40:14 hadi 41:1

Yusufu hakumwomba mnyweshaji chakula wala nguo. Alimwomba amtaje kwa Farao, kwa kuwa mwenye kumfungulia hakuwa mle gerezani. Mnyweshaji akasahau, ikapita miaka miwili mizima.

Makanisa yetu yamezoea kupeleka sabuni na dawa ya meno gerezani, na yaendelee. Ila mfungwa aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hapa Tanzania ana siku 10 tu za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 tangu hukumu za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu. Muda wa kungoja nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi katika zile 45. Zile 10 hazingoji nakala, na hapo ndipo wengi hukwama: wanasubiri karatasi wakidhani muda umesimama. Aliyehukumiwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Wilaya. Kwa hiyo ulizeni kwanza: mahakama ipi, tarehe ipi? Notisi yenyewe ni fupi. Hukabidhiwa mkuu wa gereza, naye huipeleka mahakamani. Namba ya kesi na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye hati ya kifungo.

Sababu za rufaa ndizo ngumu. "Nimeonewa, nina watoto" inagusa moyo, lakini jaji hana pa kuishika. Muulizeni: shahidi alimtambuaje usiku ule, kwa mwanga gani, kwa umbali gani? Kama alikiri kosa, alisomewa maelezo ya kosa hilo akayaelewa?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria: huelimisha, huelekeza, husaidia kuandaa nyaraka bila malipo. Kusimama mahakamani ni kazi ya wakili. (Wakili anayeimba kwaya yenu mmeshamwomba Jumamosi moja kwa mwezi, au mnamwomba michango tu?)

Muda ukiwa umepita, Mahakama Kuu yaweza kuipokea rufaa kwa sababu ya msingi, ila hutaka kila siku iliyochelewa ielezwe sababu yake. Basi kila barua ya kuomba hukumu ibaki na nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa, hasa kwa mfungwa aliyehamishwa gereza kabla hajajibiwa.