Daftari la baba

Duka la baba kule Marangu lilikuwa chumba kimoja: sukari ya kupima, mafuta ya taa, sabuni ya mche aliyoikata kwa uzi. Jumapili halikufunguliwa, hata ugonge vipi. Baada ya ibada alibaki kwenye mnada wa sadaka, akinunua mkungu wa ndizi kwa bei ya ajabu na kumrudishia bibi yuleyule aliyeuleta. Mama alinuna njia nzima. Ndizi tulikuwa nazo tele shambani. Ada ya shule ndiyo hatukuwa nayo.

Juzi nimefungua daftari lake la madeni. Kurasa nyingi kazipiga mstari, pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: “Yamekwisha.” Mzee mmoja hakujua. Deni lake 3,200. Siku ya mazishi alinishikisha 5,000, chenji akakataa.