Mwakilishi na foleni ya dirisha la dawa

Tangu ilipopatikana Sheria Namba 1 ya mwaka 2023, iliyounda Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, kuna swali ambalo nalisikia kila panapozungumzwa bima hapa Pemba, iwe barazani baada ya sala ya alasiri au ndani ya gari ya Chake Chake kwenda Wete: je, Wawakilishi waliopitisha sheria hiyo katika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani watibiwe kwa masharti yale yale yanayotuhusu sisi? Jibu langu ni ndiyo, lakini naona wengi wetu tunaudai usawa huo mahali ambapo haupo.

Wamarekani walilijibu swali hili kwa sheria. Tarehe 23 Machi 2010 Rais Barack Obama alisaini sheria kubwa ya bima ya afya, na ndani yake mlikuwamo kifungu kilichotokana na hoja ya Seneta Chuck Grassley wa Iowa, kwamba wabunge na wasaidizi wa ofisi zao watoke katika mpango wa bima wa watumishi wa serikali kuu na wajiunge na bima zinazouzwa katika masoko yaliyoanzishwa na sheria hiyo hiyo. Kilipokaribia kutekelezwa, mwaka 2013, ikabainika kwamba kifungu kilikuwa kimya juu ya mchango wa mwajiri. Mwananchi anayejinunulia bima katika soko lile husaidiwa kwa nafuu ya kodi kulingana na kipato chake, na mbunge mwenye mshahara wa dola 174,000 kwa mwaka hakuwa na lake hapo. Ofisi inayosimamia utumishi ikaamua kwamba serikali iendelee kuwachangia, mradi wanunue bima kupitia sehemu iliyotengwa kwa waajiri wadogo katika soko la mji wa Washington. Seneta David Vitter wa Louisiana akapigania mchango huo uondolewe, asifanikiwe.

Kwa hili mimi siko pamoja na Vitter. Mfanyakazi wa hoteli ya Nungwi ana haki ya kuchangiwa na mwajiri wake, na karani wa Baraza la Wawakilishi ana haki hiyo hiyo, na sioni kwa nini Mwakilishi anyimwe ili sisi turidhike.

Lililotokea mwaka 2017 linanishughulisha zaidi. Tarehe 4 Mei Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha, kwa kura 217 dhidi ya 213, muswada ambao ungeyaruhusu majimbo kulegeza baadhi ya kinga za wenye bima, na humo humo bima ya wabunge wenyewe ikaachwa nje ya ulegezaji huo. Habari ilikuwa imeshajulikana, na siku ile ile ya kura ukapigiwa kura muswada mwingine wa kuuondoa upendeleo huo wa wabunge, ukapita kwa kura 429 bila ya hata mmoja kuupinga. Kila mmoja aliona haya kuutetea upendeleo huo hadharani, na hata hivyo uliweza kuingia katika maandishi. Baadaye muswada mkubwa ulikwama katika Seneti.

Nirudi kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 tulikuzwa katika ahadi ya matibabu bure, nasi tukajua kwamba daktari ni bure lakini dawa mara nyingi ni ya dukani. Mfuko umekuja na utaratibu mwingine, wa michango na kadi, ukianza na watumishi wa umma kisha sekta binafsi, na sina ugomvi na nia yake. Ila niliwahi kumsindikiza mama mkubwa, mwenye presha, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Aliyekuwa dirishani aliichukua kadi, akatazama kompyuta, akamkatia kwa mkasi vidonge vya aina ya kwanza, kisha akaurudisha ule mstari wa pili wa cheti: “Hii haimo, Bi mkubwa, utainunua nje.” Mama mkubwa akaitikia, “Haya mwanangu,” akaanza kufungua pindo la kanga kutafuta pesa. Kadi ilikuwa halali na michango imelipwa, lakini dawa haikuwamo katika orodha.

Hapo ndipo usawa unapopimwa, katika orodha ya dawa na vipimo, na katika rufaa. Mgonjwa wa Micheweni anayehitaji daktari bingwa asiyepatikana Pemba hupanda boti kutoka Mkoani kwenda Unguja, na nauli ya anayemshika mkono ni juu ya familia. Mkubwa mwenye kutibiwa kwa njia yake anaweza kukaa miaka mitano katika Baraza la Wawakilishi bila ya kujua orodha hiyo ina nini na haina nini, halafu akaipitisha bajeti ya Wizara ya Afya kwa moyo mweupe.

Wabunge wetu wanaokwenda Dodoma wana hali ya pekee, nayo ni ya kuchekesha kidogo: afya si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria ya bima ya afya kwa wote waliyoijadili mwaka 2023 haikuwa ya kuwatibu waliowachagua huku. Kwa hiyo swali hili tuwaulize zaidi Wawakilishi.

Ningependa sheria iseme kwamba wajumbe wa Baraza, mawaziri na familia zao watumie kitita kile kile cha mafao, na kwamba rufaa zao, za ndani na za nje ya Zanzibar, zipitie jopo lile lile la madaktari linaloamua za kwetu. Anayetaka ziada aigharimie kwa fedha zake. Mchango wa mwajiri utajwe waziwazi na kiwango chake. Na haya yote yawe katika sheria yenyewe, yasiachiwe kanuni za waziri, kwa sababu kilichoachwa kimya mwaka 2010 kule Marekani kilikuja kujazwa mwaka 2013 na ofisi ambayo hakuna mpigakura aliyeichagua.