Mtu wa Kivu ndani ya mikoko

Sisi watu wa Bukavu, Kongo, tunaishi na Ziwa Kivu kama mtu aliyepanga nyumba moja na jirani mkali. Tunalisalimia kila asubuhi, tunachota maji yake, tunakula sambaza wake, wale samaki wadogo, lakini ndani hatuingii. Nimezaliwa Nguba, mtaa wa karibu na maji, na nimefika miaka 44 sijui kuogelea. Ziwa nililijua kutoka ndani ya boti ya Goma tu, nimekaa katikati mbali na ukingo, nimekumbatia mzigo wangu. Na tangu Oktoba 2024, boti ilipozama karibu kabisa na bandari ya Kituku, kule Goma, watu waliokuwa ufukweni wakiiona kwa macho yao, sikupanda tena bila jileti langu mwenyewe la kuokoa maisha, lile nililonunua sokoni Kadutu, linanuka mpira mpaka leo.

Kwa hiyo nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nimepiga kafi kwa muda wa karibu saa tatu kwenye msitu unaoota ndani ya bahari, wananiangalia kama mtu aliyekunywa.

Wala sikupanga. Nilikuwa Dar es Salaam nafuata mzigo wa viatu. Mtu aliyekuwa anautoa bandarini aliniambia siku mbili, zikawa nne, kisha akaanza ile ya "wiki ijayo, mama". Chumba Kariakoo kinakula pesa, mimi nimelala naangalia feni. Mtoto wa dada yangu anasoma pale Dar. Siku ya tano akaja, akaniambia: "Mama mdogo, utahesabu mizunguko ya hiyo feni mpaka lini? Twende Unguja siku mbili." Boti ya kuvuka ni kama saa mbili. Nilivuka nayo macho nimeyafumba, jileti begani, Wazungu wananipiga picha.

Kesho yake akanipakia kwenye daladala. Nikamwuliza tunaenda wapi, akasema kuona msitu. Basi, msitu naujua, mimi si ninatoka upande wa Kahuzi, penye msitu mkubwa wa kwetu? Nikavaa kitenge na kandambili zangu nzuri. Na kweli tulipita msituni, Jozani, dereva anapunguza mwendo kwenye matuta kwa sababu ya kima punju, nyani fulani wenye mgongo mwekundu na nywele zimesimama kama wameamka sasa hivi. Wanapatikana Zanzibar peke yake. Nikajiandaa kushuka. Mpwa wangu akasema bado. Tukaendelea mpaka Michamvi, kwenye Ghuba ya Chwaka, na pale ndipo akaniambia habari ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, wakati pesa ameshalipa.

Tulifika saa nne asubuhi. Kijana wa kutuongoza alikuja mbio, akanipa "Shikamoo, mama", nami nikamjibu "Jambo sana!" kwa sauti kubwa. Mpwa wangu akainama kucheka. Kwetu shikamoo haitumiki, na ile "marahaba" ilinichukua siku nzima kuizoea. Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya adabu, maana nilikuwa naangalia mbele na maji siyaoni. Kulikuwa na tope, tope jeusi linalong'aa, linaenda mbali mpaka macho yanachoka. Ngalawa zimelala ubavu. Wanawake wanatembea katikati ya "bahari" na ndoo, wameinama wanaokota chaza. Zile kayaki zenyewe ziko mchangani, zimepangwa kama mabirika.

"Maji yako wapi?" nikauliza.

"Yamekwenda, mama."

"Yamekwenda wapi?"

"Yametoka tu. Yatarudi."

Mimi ni mfanyabiashara. Mtu akiniambia bidhaa imekwenda ila itarudi, na pesa yangu anayo mfukoni, najua ninachofikiri. Nikamvuta mpwa wangu pembeni, nikamwambia hapa tumeibiwa, Wazungu ndio huwa wanaibiwa hivi. Yeye akazidi kucheka.

Lazima nieleze kwa nini halikuniingia akilini, kwa sababu najua wa Bukavu na wa Goma mtakuwa pamoja nami. Kivu haina kitu kama hicho. Maji yanapanda kidogo masika, yanashuka kidogo kiangazi, na jiwe nililokuwa nafulia nikiwa msichana liko palepale. Mlango wa kutokea ni mmoja, Ruzizi, pale mpakani, na maji yakishapita hapo yameelekea Tanganyika. Maji ya Kivu yakienda hayarudi. Sasa huyu kijana ananiambia kwamba bahari nzima inaondoka na kurudi mara mbili kwa siku, kwamba kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana, na kwamba leo imekwenda mbali hivi kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu juzi. Wao wanaita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayajai sana, na hayo ni maji mafu. Aliyasema yote kama mimi ninavyosema Jumatatu inafuata Jumapili.

Kama kuna kitu kimoja mtu wa ziwani anatakiwa kuuliza kabla ya kulipa, ni hicho: maji yanajaa saa ngapi? Kwenye mikoko saa ya mkononi haina kazi. Mpwa wangu alikuwa amepanga kwa saa ya mkononi, ndiyo maana tukakaa chini ya mwembe kuanzia saa nne mpaka saa saba na nusu tukila pweza. Pweza, nakubali, alikuwa mtamu.

Na maji yakarudi. Sikuyaona yakija. Niligeuka kuomba pilipili, nilipotazama tena ngalawa moja imesimama, halafu ya pili, halafu ile njia ya wale wanawake haipo.

Mafunzo tulifanyiwa mchangani. Mimi nasema pagai, kijana ananisahihisha, "kafi, mama". Hili la kayaki lina ncha mbili, kushoto na kulia. Nilifikiri ni kazi ya mikono. Akanikalisha, akanyosha miguu yangu mpaka visigino vikapata pa kukanyaga, akasema nguvu itoke kiunoni, mikono iwe kama kamba tu. Kafi lizame karibu na miguu, litoke karibu na nyonga, lisiende nyuma zaidi ya hapo. Jileti alilifunga mwenyewe, akalivuta mabegani kwa mikono miwili kuona kama litapanda shingoni. Lilipopanda akafungua, akakaza upya. Hapo moyo wangu ukatulia kidogo. Kwenye boti zetu nimeshapewa jileti lisilo na kamba hata moja, na aliyenipa alikuwa ameshaondoka.

Tulikaa wawili, mimi mbele, kijana nyuma. Mpwa wangu peke yake. Tukaingia kwenye mlango wa kijito, mikoko huku na huku, na pale nikaelewa kwa nini tulisubiri: mwanzoni karibu hatukupiga kafi hata kidogo. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya msitu na sisi tumo, yanatubeba. Kelele za pwani zikakatika. Ikabaki sauti ya tope, kitu kama mtu anayebana vidole gizani, taka, taka, taka. Kijana akasema ni kamba wadogo na kaa. Kaa wenyewe nikaanza kuwaona, wengine wana gando moja kubwa na jingine dogo la aibu, wengine wanapanda mizizi maji yanavyowafuata.

Nilikuwa nadhani mkoko ni mti mmoja. Kijana alinionyesha minne kabla sijachoka. Ule wenye mizizi inayoshuka kutoka juu kama mtu amesimama kwa magongo ndio mkoko wenyewe. Mlilana unakaa mbele kabisa, kwenye mawimbi. Mkandaa ni mfupi, ganda lake linatoa rangi nyekundu. Halafu mchu. Alisogeza kayaki chini ya tawi la mchu, akakata jani moja, akanipa.

"Lamba."

Nikamwangalia.

"Lamba, mama, upande wa chini."

Jani lilikuwa na vumbi jeupe jembamba, na lile vumbi ni chumvi, chumvi kabisa ya mezani. Mti unakunywa maji ya bahari kisha unatema chumvi kwenye jani, mvua ikija inaosha. Nililamba lote. Ninatoka nchi ambayo bibi yangu alisimulia jinsi chumvi ilivyokuwa ikibebwa kichwani siku nyingi za safari, na hapa iko kwenye majani, hakuna anayeiangalia.

Cha pili kilichonishangaza ni mbegu. Mkoko hauangushi mbegu kama parachichi. Mbegu inaota ikiwa bado juu kwa mama yake, inarefuka kama kalamu, kama mkuki wa kijani, na siku ikidondoka maji yamekwenda inajichoma kwenye tope na kusimama. Ikidondoka maji yamejaa, inaelea mpaka ipate kwao. Tulipita moja ikielea wima, kichwa tu kiko nje. Nikataka kuichukua niipeleke Bukavu, niipande kwenye bidoni, dumu la plastiki. Kijana akakataa, kwa upole lakini akakataa. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 2004, akasema, na hata isingekuwa, hiyo ina safari yake.

Ndani zaidi, mahali msitu unafunguka, tukakuta visiki. Vingi, vimekatwa usawa mmoja. Kijana akasema ni boriti, na wengine makaa. Boriti za mikoko zilikuwa zinapakiwa kwenye majahazi kwenda hadi Arabuni, na nyumba za mawe za mjini zimejengwa kwa kipimo cha boriti: chumba hakiwezi kupanuka kuliko mti unavyofika. Nikakumbuka chumba chetu cha wageni pale Mji Mkongwe, kirefu na chembamba kama behewa la treni, usiku uliotangulia nilikuwa nimemlalamikia mwenye nyumba. Kijana akaniuliza kwetu tunapikia nini. Nikamwambia makala, ndiyo hayo makaa. Akauliza yanatoka msitu gani. Nikasema Kahuzi, mengi yanatoka Kahuzi, na ile pia ni hifadhi. Tukapiga kafi bila kuongea mpaka visiki vikaisha.

Sasa aibu yangu. Kwenye sehemu ya maji tulivu kijana aliniuliza kama naweza kukaa peke yangu. Kichwa kilikuwa kimeshavimba, nikasema naweza. Tukabadilishana, mpwa wangu akahamia kwa kijana. Dakika tano nilikuwa malkia. Ya sita maji yakanisukuma kwenye mizizi, na nikafanya makosa mawili pamoja. La kwanza, nilishika mzizi kwa kiganja. Mizizi inapofikiwa na maji imejaa chaza, wembe mtupu. Kovu ninalo. La pili, nikataka kujisukuma na kafi kama nilivyoona wavuvi wanavyosukuma kwa mti mrefu. Kafi likazama kwenye tope, likanasa. Kayaki inaondoka na maji, kafi halitoki, mimi niko katikati nimeshikilia huku na huku. Mshika mawili moja humponyoka. Mimi yaliniponyoka yote mawili.

Niliingia majini nikipiga kelele. Wakati unaanguka unafikiri haraka sana, na mimi nilifikiri Kivu, zaidi ya mita 470 kwenda chini, na gesi yote ile iliyolala huko. Kijana hakuruka. Hata hakuharakisha. Alisema tu:

"Simama, mama."

"Nakufa!"

"Simama tu."

Nikasimama. Maji yalikuwa kiunoni.

Mpwa wangu amerekodi yote, na video imeshafika kwa watu Bukavu ambao sikuwatumia. Kandambili moja ilibaki kwenye tope. Nilichutama kuitafuta kwa mkono mpaka bega, sikuipata. Kwa hiyo nyongeza kwa atakayekwenda: vaa kiatu cha kufunga, cha zamani, na simu uitie kwenye mfuko usiopitisha maji, isipokuwa kama una mpwa.

Nilipanda tena. Kupanda kwenyewe kulikuwa kazi kuliko kuanguka, kijana ameegemea upande wa pili asije akapinduka naye, mimi nalala tumbo kama samaki, kisha nageuka. Lakini nilipanda ileile ndogo, peke yangu. Saa kumi na kitu maji yakasimama, hayaingii hayatoki, majani yaliyokuwa yanaelea yakatulia mahali pamoja. Kijana akainua kafi, akasema tugeuke sasa, tukichelewa tutalala hapa na kaa. Tukageuka, na baada ya muda nikahisi chini yangu kayaki inavutwa kuelekea nje.

Mzigo ulitoka bandarini siku tisa baadaye. Mama yangu nilimsimulia tukiwa uani Nguba, yeye anachagua maharagwe. Alisikiliza habari ya maji kuondoka mpaka mwisho, akauliza: "Na samaki wanaambiwa na nani?" Nikakosa jibu.

Wiki hiyohiyo yule kijana akatuma picha kwa simu. Kandambili yangu, juu ya mzizi, kaa mdogo amekaa mahali pa kidole gumba. Ameandika: "Yamerudi nayo, mama." Ile nyingine nilikuwa nimeiacha kwenye pipa la taka Mji Mkongwe.