Uzi wa wiki ya 18

Mwaka 2019 mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 21. Nasema "ilitoka" kwa kuwa ndivyo majirani walivyosema, lakini mtoto alizaliwa, akavuta pumzi mara chache, akafa. Mvulana. Baba mkwe hakutaka mjadala: aliyepita miezi minne huoshwa, hukafiniwa na huzikwa, na huyu amepumua, basi ana jina na ana sala yake. Akazikwa alasiri, hapa hapa Tanga. Siku ya tatu maziwa yakajaa. Hakuna aliyenitahadharisha kuwa yatakuja.

Karibu miaka miwili kila niliyemuuliza alinijibu kuwa ni kazi ya Mungu. Sikatai. Ila mimi ni fundi cherehani. Nguo ikichanika nataka kujua imeachia kwenye mshono au ni kitambaa chenyewe, maana marekebisho yake si mamoja.

Nilipojigundua nina mimba tena, wiki ya 7, nilimtafuta daktari bingwa wa wanawake aliyesifiwa na mteja wangu mmoja. Mama wa makamo, anaongea taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia sentensi moja tu: Dokta, nataka kushonwa mlango wa kizazi. Hakuniuliza habari za kushonwa. Aliniuliza habari za ile siku, tena kwa mpangilio, kama polisi anayeandika maelezo. Maumivu yalianza lini? Maji yalimwagika kabla au baada ya kufunguka? Ulikuwa na homa? Damu nyingi au ute tu? Umewahi kusafishwa kizazi? Umewahi kukatwa kipande cha mlango wa kizazi kwa matibabu?

Nikamweleza. Siku mbili nilihisi uzito chini, kama nimekalia chungwa. Ute ukawa mwingi, kisha wa waridi. Mgongo ukauma kama ninaposubiri siku zangu. Nilikwenda kliniki, nikaambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa vidonge. Usiku ule ule nikaenda chooni nikahisi kitu kimeshuka. Nilipofika hospitali nilikuwa nimefunguka sentimita 5, chupa, ule mfuko wa maji ya mtoto, bado nzima, imechungulia nje, na uchungu wenyewe sikuwa nao. Ulikuja baadaye.

Alipofika hapo aliacha kuandika. "Ulifunguka kwanza, ukaumwa baadaye," akasema. "Hilo umewahi kumwambia mtu?" Sikuwahi, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Akanieleza kuwa angekuta nilianza na homa, au damu nyingi ya kondo kubanduka, uzi usingenisaidia kitu. Mlango unaofunguka kimya kimya ndio unaoshonwa. Kama kuna jambo moja ningependa dada aliyepatwa na haya alifanye mapema, ni kukaa chini aandike siku zile mbili tatu zilivyokwenda, saa kwa saa, kabla kumbukumbu haijachuja. Ile karatasi ndiyo kipimo cha kwanza.

Kisha akanichorea nyuma ya kadi yangu mfuko uliogeuzwa, mdomo chini. Kuna uzi unaopitishwa ukeni kuzunguka mlango, mara nyingi wiki ya 12 hadi 14, na kukazwa kama kamba ya suruali. Namna mbili ndizo mashuhuri: ile rahisi ya McDonald, na ya Shirodkar, daktari wa Bombay wa miaka ya 1950, ambayo huwekwa juu zaidi baada ya kusogeza kibofu. Kuna pia wa kupitia tumboni, unaofungwa juu kabisa mfuko unapoanzia. Huo haufunguliwi ukeni, kwa hiyo utajifungua kwa upasuaji, na mtoto akifariki katikati ya mimba, Mungu apishe mbali, hata kumtoa ni kazi nyingine.

Nilimwambia mimi nataka huo wa tumboni. Nilishasoma utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020: waliofungwa tumboni, asilimia 8 tu walijifungua kabla ya wiki 32, wakati waliowekewa ule wa chini ukeni walifika asilimia 33. Akaniuliza, hao wanawake walikuwa akina nani? Hapo niliishiwa. Walikuwa wale ambao tayari walishashonwa ukeni na mimba ikatoka hivyo hivyo. Mimi sijashonwa hata mara moja. Nilikuwa nakata kitambaa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kilichonishangaza ni kwamba hakunisukuma hata kwenye ule wa kawaida. Kwa mtu aliyepoteza mimba moja namna yangu, alisema, tunaweza kupima urefu wa mlango kwa ultrasound kila wiki mbili mpaka wiki ya 24, na ukishuka chini ya milimita 25 ndipo tushone. Wengi hawashuki, wanafika salama bila kuguswa. Na uzi nao una yake: unaweza kupasua chupa, unaweza kuleta maambukizi, na uchungu ukianza ukiwa bado upo unaweza kuchana mlango.

Mume wangu hakuelewa kabisa. Alisema, mlango uliowahi kuvunjwa na mwizi huwekewa kufuli leo, au unasubiri arudi ndipo uweke? Tulibishana siku tatu. Mimi nilichagua kupima, na si kwa ushujaa. Niliogopa chupa ipasuke kwa mkono wa kutaka kuniokoa. Ila niliweka masharti: kipimo kiwe cha ndani, ukeni, kibofu kikiwa kitupu, kwa sababu cha juu ya tumbo hudanganya, apime mtu yule yule kila mara, na iandikwe kwenye kadi kwamba nikishuka chini ya 25 nashonwa bila kurudishwa foleni. Akaandika, akanianzishia na projesteroni, homoni ya kusaidia mimba, ya kuweka ukeni, miligramu 200 kila usiku. Nikitoa hela za ile dawa nilikuwa nahesabu sketi.

Wiki ya 14, milimita 36. Wiki ya 16, 31. Nilianza kumcheka mume wangu. Wiki ya 18, 22, na juu pameanza kufunguka kama faneli. Niliiona mwenyewe kwenye skrini kabla hajasema. Sikuwa na maumivu yoyote, ningeapa kwamba niko mzima.

Nilishonwa kesho yake, kwa ganzi ya mgongoni. Kama nusu saa. Niliuliza ni uzi wa namba ngapi, wauguzi wakacheka. Si uzi, ni utepe, upana milimita 5. Nilitokwa na damu kidogo siku mbili, nikalala hospitali usiku mmoja. Mume wangu akampigia mama yake simu: "Mama, amefungwa kizazi, anaendelea vizuri." Upande wa pili kukasikika kilio. Bibi wa watu alidhani wamenifunga nisizae tena! Ilinibidi nichukue simu mwenyewe nimweleze kuwa ni mlango tu uliofungwa, tena kwa muda.

Alikuja na kikapu chake akakaa nasi miezi minne. Alitaka nilale tu, miguu juu ya mito. Daktari alikataa: kulala kutwa hakujathibitishwa kulinda mimba, na damu inaweza kuganda miguuni. Nikashona nikiwa nimekaa, sikubeba ndoo, sikupanda bodaboda. Tendo la ndoa hakuna. Nilimwambia mume wangu tulale mzungu wa nne, akatii, ingawa alilalamikia unyayo wangu. Niliambiwa nikiona damu, maji, homa au tumbo kukaza nisisubiri asubuhi. Wiki ya 26 tumbo lilikaza usiku, tukakimbia. Ilikuwa mikazo ya kawaida, uzi umeshika.

Ulikatwa wiki ya 37, bila ganzi, dakika chache. Ulibana vibaya, halafu kwisha. Tulikuwa tumeshapanga begi, khanga na beseni, tukijua mlango ukiachiwa tu mtoto anadondoka. Ikapita siku moja. Zikapita tano. Siku ya 12 mama mkwe alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akaliangalia tumbo kwa muda.

"Mwanangu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "una hakika wameufungua?"

Binti alizaliwa siku ya 15, kilo 2.9.