Zidaka, Bundi na Furaha ya Kujua

Kila ninapoingia nyumba ya kale hapa Lamu nikakutana na ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, humkumbuka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu, aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19. Humo anauonya moyo wake usihadaike na dunia, na ushahidi anaouleta ni magofu ya mji wake mwenyewe: zidaka zilizopambwa kwa sahani zimekuwa malalo ya makinda ya ndege, na bundi wanalia katika nyumba zilizokuwa zikimeremeta kwa taa.

Linalonishughulisha ni kwamba onyo hilo limefumwa kwa ustadi mkubwa mno. Kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya kwanza hushirikiana kina, na wa nne hurejea kwenye kina kile kile kimoja tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Mtu aliyeamini kwamba uzuri wote ni ghururi tupu asingejisumbua kiasi hicho. Angesema lake kwa nathari, akanyamaza. Nasi tunaousoma hutoka na mambo mawili kwa pamoja, hofu ya mauti na hamu ya kuziona zile sahani, na sidhani kwamba Sayyid Abdalla hakulijua hilo.

Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyeacha kusomesha katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad mwaka 1095 baada ya elimu yake pana kushindwa kumtuliza, aliandika baadaye kwamba kila kiungo hupata ladha katika kile kilichoumbiwa: jicho katika sura nzuri, sikio katika sauti tamu, na moyo katika kuujua ukweli, ambao kilele chake ni kumjua Mungu. Furaha, kwa hesabu hiyo, ni namna ya kujua. Tena ni yeye huyo aliyetenga kitabu kizima ndani ya Ihya, mkusanyiko wake mkuu wa vitabu vya dini, kwa ajili ya adabu za kusikiliza nyimbo, wala hakuziharamisha kwa jumla.

Rafiki yangu mmoja, mcha Mungu kunishinda, hushikilia kwamba matwari, ngoma za mkono zinazopigwa katika Maulidi pale msikiti wa Riyadha hapa Lamu, huushughulisha moyo kwa mdundo ukamsahau Mtume anayesifiwa. Hoja hiyo ni ya zamani. Habib Swaleh, mwanzilishi wa Riyadha, aliyetoka Ngazija katika visiwa vya Komoro akaja kukaa Lamu, aliwasomesha hata watu ambao wenye majumba makubwa hawakupenda kuketi nao darasani, na twari lake pia lilipingwa. Mimi huona kwamba asiyejua Kiarabu hupata kupitia sauti ile sehemu ya maana ambayo darsa ingemchukua miaka kumfikishia. Rafiki yangu hajakubali, na tunaendelea kunywa kahawa.

Hivi karibuni nilimkuta fundi akikwangua saruji iliyopakwa juu ya zidaka za zamani. Alikuwa akiibandua kwa ncha ya patasi, kipande kidogo kidogo, na chini yake nakshi ilikuwa imelainika kama unga uliolowa, kwa kuwa unyevu wa chumvi ulikuwa umefungiwa ndani ya ukuta wa matumbawe.

“Saruji haipumui, ami,” aliniambia. “Chokaa hupumua. Waliojenga walijua.”

Kisha alichukua kidole cha chokaa mbichi akakijaribu kwenye pembe ya tao, akaitazama kwa muda, akaifuta, akaongeza maji. Hakuna aliyekuwa akimharakisha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Ghazali. Yeye huzipanga elimu kwa daraja, akisema kwamba mtu hufurahi kuijua siri ya waziri, lakini hufurahi zaidi kuijua siri ya mfalme, na kwa hiyo elimu hupanda thamani kadiri kinachojulikana kinavyotukuka. Kwa mpango huo chokaa iko chini kabisa. Lakini fundi yule anajua kwamba ukuta utaharibika tena, kwa sababu bahari haihami. Yaani analijua onyo la Al-Inkishafi kwa mikono yake, kila siku ya kazi, na bado anachagua kiasi sahihi cha maji. Ikiwa kujua kwamba vitu hupita ni sehemu ya kumjua Aliyeviumba, basi sioni kwa nini elimu yake iwekwe daraja la chini kuliko ya sisi tunaoisoma habari hiyo hiyo katika beti, tumeketi barazani, na kuta zetu tumezipaka saruji.