Kwaheri ya Kuonana

Jana mwanangu aliniuliza, tena kwa Kiingereza, kwa nini namlazimisha kumwamkia bibi yake kwa Kiswahili kwenye simu ilhali bibi mwenyewe Kiingereza anakijua. Nilikuwa nakoroga uji. Nikaikumbuka Prague.

Si ile ya Ulaya. Ni Prague ya Nebraska, jimbo la Marekani, kijiji cha watu kama 300 ambacho wenyeji hukiita "Preig". Wazee wao walitoka Ucheki kufuata ardhi, na reli ilipofika mwaka 1887 kikawa mji mdogo. Mimi nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja mzaliwa wa huko, amehamia mji wa Lincoln kwa wanawe. Mwisho wa Mei 2011, siku za kuwakumbuka marehemu, akaniomba nimpeleke makaburini. Tukaondoka asubuhi, maua ya piyoni yamejazwa kwenye makopo ya kahawa miguuni pake, mahindi ndiyo kwanza yanachomoza kila upande.

Jiwe la babu yake lilikuwa limefunikwa na utando wa kijani. Nililowesha kitambaa nikasugua. Herufi zikajitokeza moja moja, nyingine zimevaa vikofia juu. *Zde odpočívá.* "Hapa amepumzika," akasema upesi. Kidole chake kikashuka mstari wa pili, kikifuata herufi kama mtoto wa chuoni, kisha kikakwama. Akarudi mwanzo. Kikakwama palepale. Nilisimama, kitambaa kinanichuruzikia viatuni, sijui nitazame wapi.

"Neno hili nilikuwa nalijua," akasema taratibu.

Mama yake alisoma wakati wa sheria ya Nebraska ya 1919, iliyokataza kumfundisha mtoto lugha ya kigeni shuleni kabla hajamaliza darasa la 8. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha mwaka 1923, lakini woga ulikwisha kuingia majumbani. Kwao Kicheki kikabaki cha sala, na cha wakubwa wanapotaka watoto wasielewe. Hilo bado linaniuma, ingawa si langu.

Chini kabisa ya jiwe kulikuwa na maneno mawili: *Na shledanou*. Hayo hakuhitaji kuyasoma. Ndiyo bibi yake aliyokuwa akiwaagia wageni mlangoni, maana yake mtaonana tena. Nikamwambia kwetu tunasema kwaheri ya kuonana. Akataka nirudie. Akajaribu mwenyewe, na "kuonana" likamtoka sawasawa, kana kwamba kazaliwa Tanga. Tukakaa pale muda mrefu, yeye akinifundisha lake na mimi langu, upepo ukiyapiga piyoni.

Mwanangu sikumsimulia yote haya. Sijui ningeanzia wapi, na uji ulikuwa unashika chini.

Jioni simu ikalia. Akaipokea yeye. "Shikamoo, bibi," akasema. Nikasikia marahaba kwa mbali. Kisha akanigeukia, simu sikioni, akisubiri nimpe neno linalofuata.